Nyanya za manjano: Jinsi ya kuzikuza nyumbani na kuihifadhi mbegu yake

NYANYA ya manjano ikiwekwa kando ya nyekundu kwenye meza ya sokoni, mnunuzi aghalabu huipita akidhani kwamba haijaiva. Kumbe huenda tunda hilo limeiva kabisa, lina maji na utamu wake, na rangi hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo mama yake na nyanya yake mzaa mama.

Kuikuza nyanya ya manjano si jambo gumu kuliko kuikuza nyekundu. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, na maradhi ni yale yale. Tofauti imo katika mbegu. Maduka mengi ya pembejeo nchini Kenya huuza mbegu za nyanya nyekundu kama vile Cal-J, Rio Grande, Money Maker na Anna F1, kwa kuwa hizo ndizo zinazotakiwa na soko. Mbegu ya nyanya ya manjano ni adimu, na anayeipata mara moja huenda asiipate tena msimu ujao. Kwa sababu hiyo, mkulima wa nyumbani anayeitaka nyanya hii mezani kwake mwaka baada ya mwaka sharti ajifunze mambo mawili kwa pamoja: kuikuza, na kuihifadhi mbegu yake.

Asili ya rangi

Minyanya ya mwituni ilianzia magharibi mwa Amerika Kusini, katika maeneo ambayo leo ni Peru na Ecuador, kisha ikaendelezwa mashambani nchini Mexico. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16. Mwaka wa 1544, tabibu wa Italia Pietro Andrea Mattioli aliandika juu ya tunda hilo na kueleza kwamba likiiva huwa na rangi ya dhahabu. Hadi leo Waitaliano huiita nyanya pomodoro, yaani tufaha la dhahabu. Kwa hivyo, nyanya ya manjano si kioja cha maabara za siku hizi, bali ni miongoni mwa nyanya za kwanza kuandikwa vitabuni barani Ulaya.

Wekundu wa nyanya hutokana na kemikali iitwayo laikopini. Katika nyanya nyingi za manjano, jeni inayosimamia hatua ya kwanza ya kuitengeneza rangi hiyo ndani ya tunda haifanyi kazi, na hivyo laikopini haijengeki. Ganda nalo lina sehemu yake: likiwa na umanjano wake, tunda huonekana la dhahabu, likiwa angavu, tunda huwa na rangi hafifu mithili ya limau bivu.

Kuna dhana iliyoenea kwamba nyanya za manjano hazina asidi na kwamba zinawafaa wenye vidonda vya tumbo. Dhana hiyo haina msingi imara. Utamu unaosikika mdomoni hutokana na uwiano wa sukari na asidi, na uwiano huo hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, si kati ya rangi moja na nyingine. Nyanya za manjano zina vitamini C kama nyekundu, ila laikopini yake ni haba mno. Anayezila zote mbili hapungukiwi na lolote.

Kuichagua mbegu

Mbegu za nyanya ziko za namna mbili. Kuna aina thabiti, ambazo huzaa mfano wake: mbegu ikitolewa katika tunda na kupandwa, mmea unaoota huwa kama mzazi wake. Kuna pia chotara, ambazo hupatikana kwa kuzalisha wazazi wawili tofauti, na pakiti zake huandikwa F1. Chotara huzaa vizuri katika msimu wa kwanza. Lakini mbegu ya tunda la chotara ikipandwa, watoto hutawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mtamu, huyu chachu.

Miongoni mwa aina thabiti zinazofahamika ni Yellow Pear, aina ya kale yenye matunda madogo ya umbo la peasi na mmea unaorefuka sana. Nyingine ni Gold Nugget, iliyozalishwa katika Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani. Mmea wake ni mfupi na hukaa vyema ndani ya ndoo, jambo linalowafaa wakazi wa nyumba za ghorofa. Kwa upande wa chotara, Lemon Boy hutoa matunda makubwa ya rangi ya limau, nayo Sungold, iliyotoka Japani, hutoa matunda madogo yenye rangi inayokaribia ya chungwa.

Mkulima asiyetaka kununua mbegu kila msimu achague aina thabiti. Wapo wanaonunua nyanya ya manjano katika duka kubwa na kuzikamua mbegu zake. Njia hiyo haikatazwi na maumbile, ila ni kama bahati nasibu, kwa kuwa matunda mengi ya madukani ni ya chotara.

Wanaotaka kuagiza mbegu kutoka ng'ambo, hata kama ni pakiti moja ndani ya bahasha, wanapaswa kupata kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi inakotoka mbegu. Masharti hayo yana maana. Kati ya mwaka wa 2014 na 2015, virusi vipya vya nyanya ambavyo hukunja majani na kuyatia matunda mabaka ya kahawia viligunduliwa katika Mashariki ya Kati. Tangu hapo vimesambaa katika nchi nyingi, na mbegu ni mojawapo ya vyombo vinavyovisafirisha. Pakiti moja yenye virusi inaweza kuwadhuru majirani wanaoitegemea nyanya kwa riziki yao.

Kuatika mbegu

Mbegu ya nyanya haipandwi moja kwa moja bustanini, bali huatikwa kwanza kitaluni. Kwa mahitaji ya nyumbani, vikombe vya maziwa ya mtindi vilivyotobolewa chini hutosha. Udongo mzuri wa kuatikia hupatikana kwa kuchanganya sehemu mbili za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya mboji iliyooza vyema na sehemu moja ya mchanga. Mchanganyiko huo umwagiwe maji yanayochemka ili kuua viini vya maradhi, kisha uachwe upoe kabisa kabla ya kutumiwa.

Mbegu zifukiwe kwa kina kisichozidi sentimita 1. Zikifukiwa zaidi ya hapo, huchelewa kuchomoza au huoza. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi, na mbegu huota baada ya siku tano hadi 10. Mombasa na Malindi, kitalu kiwekwe kivulini wakati wa jua la mchana. Limuru au Nyahururu, kiwekwe ndani ya nyumba, karibu na jikoni, hasa nyakati za usiku.

Mara tu miche inapochomoza, mahitaji yake hubadilika. Sasa inataka mwanga kwa wingi. Miche inayofichwa gizani hurefuka upesi, hupauka na kuanguka. Maji yawe ya kiasi. Njia salama ni kukiweka kikombe ndani ya sahani yenye maji, kikanywa kwa chini, kisha kikaondolewa. Miche ikikaa katika udongo uliolowa mno, kuvu huishambulia shingoni, pale shina linapokutana na udongo, na miche iliyosimama jioni hupatikana imelala asubuhi. Hilo likitokea, iliyoshambuliwa ing'olewe na umwagiliaji upunguzwe.

Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu yenyewe, wala hayana umbo la jani la nyanya. Majani halisi yanapotokea, kila mche uhamishiwe kikombe chake. Mche ushikwe kwa jani, kamwe usishikwe kwa shina, kwani jani likichanika jingine litaota, ilhali shina likipondeka mche umekufa.

Kuhamishia bustanini

Baada ya wiki nne hadi sita, mche ukiwa na kimo cha takriban sentimita 15, huwa tayari kuhamishwa. Kabla ya siku hiyo, uzoeshwe jua na upepo kwa muda wa wiki moja: saa chache siku ya kwanza, kisha muda uongezwe hatua kwa hatua.

Bustani ipate jua kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Nafasi kati ya mmea na mmea iwe sentimita 60 kwa aina ndefu na 45 kwa aina fupi. Asiye na shamba atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mmea mmoja kwa kila ndoo. Gunia nalo hufaa, almuradi maji yasituame ndani.

Minyanya isipandwe mahali palipokuwa na viazi, biringanya, pilipili au mnavu katika misimu ya karibuni. Mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na huambukizana maradhi. Ni heri ifuate maharagwe, mahindi au vitunguu.

Kazi ya kuhamisha ifanywe jioni. Shimo liwe refu, na mche ufukiwe hadi karibu na majani ya kwanza halisi. Shina la mnyanya lina uwezo wa kutoa mizizi kila linapogusana na udongo, kwa hivyo mche uliofukiwa zaidi hupata mizizi mingi na husimama imara.

Majira nayo yazingatiwe. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 kwa siku nyingi, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kufunga tunda. Mkulima wa Pwani anashauriwa kuhesabu siku zake ili maua yachanue kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi ya wastani. Mkulima wa nyanda za juu naye ajihadhari na baridi kali na mvua ndefu, ambazo huleta ukungu wa majani.

Utunzaji

Mnyanya hautaki maji mengi, bali hutaka maji ya kawaida yasiyokatizwa. Mkulima akiuacha ukauke kwa siku nyingi kisha akaufurikisha, matunda hupasuka maganda, na yale madogo ya manjano yenye ganda jembamba ndiyo hupasuka kwanza. Isitoshe, tunda huoza kitakoni na kuweka baka jeusi lililobonyea. Wengi hulichukulia baka hilo kuwa ugonjwa wa kuambukiza na kukimbilia dawa. Si ugonjwa. Ni dalili kwamba madini ya kalisi hayakulifikia tunda kwa sababu ya maji yasiyo na mpango. Kuyatandaza majani makavu juu ya udongo huhifadhi unyevu, na pia huzuia matone ya mvua kurusha udongo wenye viini vya maradhi kwenye majani.

Maji yamwagwe asubuhi, chini ya shina, si juu ya majani.

Wakati wa kupanda, kila shimo litiwe viganja viwili vya samadi iliyooza. Maua yanapotokea, mmea uongezewe mboji. Samadi mbichi na mbolea zenye naitrojeni nyingi huzaa majani mazuri yasiyo na matunda.

Aina ndefu zifungwe kwenye mambo kwa kamba laini au vipande vya nguo kuukuu. Vichipukizi vinavyotokea kwapani, kati ya shina na jani, vikatwe vikiwa bado vidogo ili nguvu ya mmea iende kwenye matunda. Aina fupi kama Gold Nugget zisipogolewe, kwani matawi yake ndiyo hubeba mazao.

Maradhi na wadudu

Adui anayeogopwa na wakulima wengi leo ni nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, ambaye asili yake ni Amerika Kusini na ambaye aliripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2014. Viwavi vyake huchimba njia ndani ya majani na kutoboa matunda. Katika bustani ndogo, mkono ni silaha tosha: majani yenye mabaka ya vichimbo yachumwe mapema na kufungwa katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko uachwe juani hadi viwavi vife. Yasitupwe kando ya bustani. Kitalu kikifunikwa kwa wavu wenye matundu madogo, nondo hawapati pa kutagia.

Ugonjwa wa baka jani hutokea wakati wa baridi na mvua. Majani hupata mabaka ya kijani kibichi kilichokolea yanayogeuka kahawia, na mmea mzima unaweza kuteketea kwa siku chache. Nafasi ya kutosha kati ya mimea, majani makavu ya chini kuondolewa, na dawa zenye shaba kupuliziwa kabla ya ugonjwa kuenea, hupunguza hasara. Anayetumia dawa yoyote asome maagizo ya kifurushi kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mnyauko wa bakteria nao huuangusha mmea ukiwa bado wa kijani. Njia rahisi ya kuutambua ni kukata kipande cha shina la chini na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Ukungu mweupe kama maziwa ukitiririka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria. Hakuna tiba. Mmea ung'olewe pamoja na udongo wa mizizini, na mahali hapo pasipandwe minyanya wala jamaa zake kwa misimu kadhaa.

Kuvuna

Aina nyingi huanza kutoa matunda yaliyoiva baada ya siku 60 hadi 80 tangu kuhamishwa kitaluni. Hapa ndipo rangi humsumbua mgeni wa zao hili, kwa kuwa hawezi kuungoja wekundu. Tunda changa ni la kijani; hupauka, huanza umanjano kitakoni, kisha rangi hukolea kuelekea kikonyoni. Lililoiva hubonyea kidogo likishikwa na hubanduka kwa urahisi penye kifundo cha kikonyo. Lisiwekwe kwenye jokofu, kwani baridi huua ladha yake. Lililoanza kugeuka rangi huivia vizuri ndani ya nyumba.

Kuihifadhi mbegu

Ua la mnyanya lina sehemu za kiume na za kike, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla ya nyuki kulifikia. Ndiyo maana aina thabiti hudumu bila kuharibika hata katika bustani ndogo. Hata hivyo, nyuki huweza kuchanganya mara mojamoja, na ni busara kuitenga minyanya ya mbegu mita kadhaa mbali na aina nyingine.

Nyanya ya manjano ina sifa moja inayomsaidia mhifadhi. Ikichanganyika na nyekundu ya kawaida, wekundu ndio hutawala: watoto wote wa mchanganyiko huo huzaa matunda mekundu. Kwa hivyo, mnyanya mmoja ukitoa matunda mekundu kati ya ile iliyotokana na mbegu za manjano, mkulima ajue papo hapo kwamba mbegu hiyo ilichanganyika, auondoe katika hesabu ya mbegu, na aendelee na iliyobaki. Mbegu zake zikipandwa, takriban mmea mmoja katika kila minne ndio utakaorudia umanjano, na hata huo huenda usiwe na ladha ile ya bibi yake. Mwenye kukuza nyekundu hana bahati ya onyo kama hilo.

Mbegu zichukuliwe kwenye matunda yaliyoiva sana ya mimea iliyo bora zaidi, si kwenye masalio ya mwisho wa msimu. Wengi hufanya kinyume: hula tunda zuri na kuweka mbegu ya lile lililokataliwa mezani.

Tunda likatwe, na mbegu zikamuliwe pamoja na utelezi wake ndani ya glasi. Ziongezwe maji kidogo na kuachwa kivulini kwa siku mbili au tatu, zikikorogwa mara moja kwa siku. Utando mweupe wenye harufu kali utatokea juu. Hiyo ni ishara kwamba utelezi unaozuia mbegu kuota unayeyuka. Zisizidishwe muda, zisije zikaanza kuota humo humo. Kisha ziongezwe maji mengi: nzima huzama, pungufu huelea na kumwagwa. Zilizozama zioshwe katika chujio na kuanikwa kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwani hunata.

Zikikauka kabisa, zitiwe ndani ya bahasha iliyoandikwa jina la aina na mwaka, na bahasha itiwe ndani ya chupa yenye kifuniko cha kukaza, mahali penye ubaridi na giza. Mbegu iliyohifadhiwa hivyo huweza kuota hata baada ya miaka minne au zaidi. Kabla ya msimu, mbegu 10 ziviringishwe katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota nane, mbegu ni nzuri. Zikiota tatu, ziatikwe nyingi zaidi au zitafutwe nyingine.

Haki ya kugawana

Kwa miaka mingi, hatua iliyofuata, yaani kumpa jirani kiganja cha mbegu, ilikuwa na wingu la sheria juu yake. Marekebisho ya mwaka wa 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yaliharamisha kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa wala kuidhinishwa, na kuweka adhabu ya faini ya hadi Sh1 milioni au kifungo cha hadi miaka miwili. Wakulima wadogo 15 waliwasilisha kesi mahakamani mwaka wa 2022 kupinga vipengele hivyo. Mnamo Novemba 27, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba vinakiuka katiba.

Kwa zao la kando kama nyanya ya manjano, ambalo kampuni kubwa hazina haja ya kulishughulikia, uamuzi huo una uzito wa pekee. Aina ya mmea isiyouzwa dukani huishi katika mikono ya wanaoipanda tu. Bustani moja ikikumbwa na mnyauko au ukame, na hakuna jirani aliyepewa mbegu, aina hiyo imetoweka mtaani. Ikiwa iko katika bustani tano, aliyepoteza atarudi kwa mwenzake na kuanza upya. Mpaji naye ana wajibu wake: asitoe mbegu ya mmea uliougua, wala asiseme ni aina thabiti ilhali ameitoa katika chotara.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyanya yenyewe huoza kwa wiki moja, lakini chupa ndogo ya mbegu zake kabatini, na nyingine iliyo nyumbani kwa jirani, hubeba mavuno ya miaka kadhaa ijayo.